Kila Mtoto Mchanga Apimwe Oksijeni Mkononi na Mguuni

Mtoto anayezaliwa salama katika kituo cha afya nchini Tanzania hupitia mikono mingi kabla ya kwenda nyumbani. Hupimwa uzito, hukaguliwa kitovu, macho, kaakaa na uti wa mgongo, huchomwa chanjo ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio, na mama yake hufundishwa namna ya kumnyonyesha na kumkinga na baridi. Yote haya ni mema na yameokoa maisha. Hata hivyo, katika orodha hiyo bado halijapata nafasi ya kudumu jambo moja ambalo katika nchi kadhaa limekwisha kuwa desturi: kupima kama damu ya mtoto huyo inazunguka na kubeba oksijeni ipasavyo, kwa kifaa kidogo kinachofungwa mkononi na mguuni, bila sindano na bila hata tone la damu kutoka. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho kinastahili kuwa haki ya kila mtoto mchanga, na kwamba kinapaswa kutangulia mitambo ya gharama kubwa ambayo hospitali hutamani kununua kwa ajili ya watoto hao.

Moyo unaobadilisha njia

Ni vigumu kupata wakati mwingine katika maisha ya binadamu ambapo mzunguko wa damu hubadilika kwa kasi kama katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa. Tumboni mwa mama, mapafu ya mtoto yamejaa majimaji na hayana kazi ya kuvuta hewa. Oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na mshipa wa kitovu. Kwa kuwa mapafu hayo hayahitaji damu nyingi, maumbile yameweka njia mbili za mkato. Ya kwanza ni tundu dogo katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha ateri iendayo kwenye mapafu na ateri kuu iendayo mwilini. Mshipa huu mfupi, ambao hapa utaitwa mshipa wa mkato, ndio kiini cha yote yatakayoelezwa.

Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza na kulia, mapafu hufunguka, mishipa yake hulegea na damu huingia humo kwa wingi. Kitovu kikishafungwa na kukatwa, shinikizo la damu mwilini hupanda. Tundu lililo kati ya vyumba vya moyo hufunikwa, na mshipa wa mkato huanza kusinyaa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, mshipa huo kwa kawaida hufungwa ndani ya siku mbili au tatu. Kwa njiti huweza kubaki wazi kwa siku nyingi zaidi.

Kwa mtoto mwenye moyo mzima, kufungwa kwa mshipa huo ni hatua ya kheri. Kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro kubwa ya moyo ni msiba. Yupo ambaye upande wa kushoto wa moyo wake haukukua. Yupo ambaye ateri yake kuu imebanwa mahali fulani kama bomba lililominywa. Yupo ambaye vali ya kuelekea kwenye mapafu imeziba. Na yupo ambaye ateri mbili kubwa zimebadilishana nafasi. Watoto hawa huishi kwa kiasi kikubwa kwa hisani ya mshipa wa mkato. Maadamu uko wazi, hulia, hunyonya na kulala kama wenzao. Unapofungwa, mtoto huacha kunyonya, hupumua kwa kasi, miguu yake hupoa, na ndani ya saa chache anaweza kufariki. Mara nyingi hayo hutokea akiwa tayari nyumbani, naye anaweza kuzikwa kwa jina la nimonia, degedege au maelezo mengine yoyote yaliyo karibu.

Kasoro za moyo si jambo la nadra kama wengi wanavyodhani. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba watoto 8 hadi 9 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai huwa na kasoro ya moyo ya aina fulani, na takriban robo yao huhitaji upasuaji au tiba ya haraka ndani ya mwaka wa kwanza. Tanzania hupata zaidi ya watoto milioni 2 kila mwaka. Iwapo uwiano huo unafanana hapa na kwingineko, na hakuna sababu ya kudhani vinginevyo, basi watoto wanaozungumziwa ni maelfu kila mwaka, wala si makumi.

Mwenye macho huambiwa tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika wodi ya wazazi methali hiyo hukutana na mpaka wake. Tangu Daktari Virginia Apgar wa Marekani alipobuni alama zake mwaka 1952, rangi ya ngozi imekuwa mojawapo ya mambo matano yanayoangaliwa mtoto anapozaliwa, na wakunga duniani kote hufundishwa kutafuta weusi wa samawati midomoni na mwilini. Tatizo ni kwamba rangi hiyo hujitokeza kwa kuchelewa. Ili jicho lione, ni lazima kiasi kikubwa cha himoglobini kiwe kimekosa oksijeni. Kwa mtoto mchanga, ambaye ana himoglobini nyingi, huweza kuhitajika kiwango cha oksijeni kishuke hadi karibu asilimia 80 kabla ya mtazamaji mzoefu kushtuka. Mtoto mwenye asilimia 88 anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa ngozi nyeusi, na katika wodi yenye taa hafifu, ugumu huongezeka, ndiyo maana walimu wa uuguzi husisitiza kutazama ulimi na ufizi kuliko vidole na kucha.

Hata sikio la daktari hudanganyika. Si kila kasoro kubwa ya moyo hutoa mvumo unaosikika kwa stetoskopu siku ya kwanza, na mivumo mingi inayosikika siku hiyo hutoweka yenyewe kwa sababu ilitokana na mabadiliko ya kawaida ya mzunguko.

Hayo hayana maana kwamba mikono na macho ya muuguzi yamepitwa na wakati. Kipo kipimo cha mzunguko wa damu ambacho hakihitaji kifaa chochote isipokuwa kidole na saa yenye mshale wa sekunde. Muuguzi hubonyeza ngozi ya kifua cha mtoto kwa sekunde 5, huachia, kisha huhesabu muda ambao rangi huchukua kurejea. Ikizidi sekunde 3, kuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Kuna pia kupapasa mapigo kinenani: mapigo yaliyo dhaifu kinenani huku yakiwa na nguvu mkononi huashiria ateri kuu iliyobanwa. Na kuna kugusa nyayo, kwa maana mwili unapokosa damu ya kutosha hunyima miguu kwanza ili kuulinda ubongo na moyo. Hivi ni vipimo halisi vya mzunguko wa damu, na aliyevibeza hatasaidiwa na mtambo wowote. Lakini kila kimoja kina udhaifu: mtoto aliyepata baridi huchelewa kurudisha rangi ingawa ni mzima, na mapigo ya kinena hubaki mazuri kwa muda wote ambao mshipa wa mkato bado uko wazi. Ndipo panapohitajika kifaa.

Kwa nini bila sindano

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtoto asichukuliwe damu tu ikapimwe maabara. Jibu liko katika kipimo cha chupa. Mtoto mchanga ana mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 3 ana damu isiyojaza hata chupa moja ya soda. Njiti mwenye kilo 1 ana damu isiyofika nusu ya kikombe cha chai. Kumchukua njiti huyo mililita 9 kwa vipimo vya siku chache ni kumpunguzia takriban sehemu moja ya kumi ya damu yake yote, na hasara hiyo mara nyingi hulipwa kwa kuongezewa damu ya mtu mwingine. Kila sindano pia ni mlango wa maambukizi na ni maumivu, jambo ambalo watoto wachanga hulihisi ingawa kwa miaka mingi tiba iliamini kinyume. Upimaji usiotoboa ngozi, kwa hiyo, ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa humlinda mtoto na madhara ya kuchunguzwa.

Kifaa kinachozungumziwa ni oksimita. Msingi wake uliwekwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Takuo Aoyagi. Kihisio chake hupitisha miale miwili ya mwanga kwenye kiganja au unyayo: mmoja mwekundu na mwingine wa infraredi usioonekana kwa macho. Himoglobini yenye oksijeni hunyonya miale hiyo kwa namna tofauti na ile isiyo na oksijeni. Kifaa hutazama sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, na kwa njia hiyo hutenganisha damu ya ateri na vitu vingine vyote vilivyotulia, kama vile mfupa na nyama. Tarakimu mbili hujitokeza: asilimia ya oksijeni na idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika.

Siri ya kipimo kwa mtoto mchanga iko katika kupima mahali pawili. Damu inayokwenda mkono wa kulia hutoka kwenye ateri kuu kabla ya mahali mshipa wa mkato unapoingilia. Inayokwenda mguuni hupita baada ya hapo. Iwapo mguu una oksijeni pungufu kuliko mkono wa kulia, huenda damu isiyosafishwa inavuka kupitia mshipa wa mkato kwenda sehemu ya chini ya mwili. Mkono wa kushoto hautumiki, kwa kuwa mtaalamu hawezi kuwa na uhakika ni damu ipi inayoufikia.

Kwa utaratibu ulioenea zaidi, mtoto hupimwa baada ya kutimiza saa 24, akiwa ametulia na ana joto. Akipata asilimia 95 au zaidi, na tofauti kati ya mkono na mguu isizidi asilimia 3, hupita. Akipata chini ya asilimia 90 mahali popote, huchunguzwa mara moja. Aliye katikati hupimwa tena baada ya saa moja. Shughuli yote huchukua dakika chache, na muuguzi yeyote aliyefundishwa anaweza kuifanya huku mama akiwa amempakata mwanawe.

Ushahidi na mpangilio wa vipaumbele

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 39,821 katika eneo la magharibi la nchi hiyo. Miongoni mwa watoto ambao uhai wao ulitegemea mshipa wa mkato, asilimia 8 tu ndio waliotoka hospitalini bila kugunduliwa katika eneo lililotumia oksimita. Katika maeneo mengine yaliyolinganishwa nalo, waliotoka bila kugunduliwa walikuwa asilimia 28. Mwaka 2011 Uingereza ilichapisha utafiti wa watoto 20,055, na mwaka huohuo Marekani iliingiza kipimo hiki katika orodha ya uchunguzi unaopendekezwa kwa kila mtoto anayezaliwa. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika majimbo yaliyokilazimisha kipimo hiki kisheria, vifo vya mapema vya watoto wenye kasoro hatari za moyo vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Inafaa kulinganisha hayo na hatima ya teknolojia nyingine iliyo ghali zaidi. Wapo wataalamu wanaobandika kihisio cha mwanga wa infraredi kwenye paji la uso la njiti ili kufuatilia oksijeni inayofika kwenye ubongo saa baada ya saa. Wazo hilo ni zuri na sayansi yake ni ya kuvutia. Lakini lilipojaribiwa kwa watoto 1,601 waliozaliwa kabla ya wakati mno katika nchi 17, na matokeo kuchapishwa mwaka 2023, waliofuatiliwa kwa njia hiyo hawakuwa na nafuu kuliko wenzao: waliofariki au kupata madhara makubwa ya ubongo walikuwa takriban asilimia 35 kwa upande mmoja na 34 kwa upande mwingine. Huenda siku moja teknolojia hiyo itapata nafasi yake. Kwa sasa, hospitali ya rufaa inayoinunua kabla ya kuhakikisha kwamba vituo vinavyoilisha wagonjwa vina oksimita inaweka paa kabla ya kuta.

Hata kipimo cha shinikizo la damu, ambacho wengi huamini kwamba ndicho kioo cha mzunguko, kina mipaka kwa mtoto mchanga. Mkanda mdogo wa mkononi hutoa tarakimu, lakini shinikizo si sawa na mtiririko. Mtoto anaweza kuwa na shinikizo la kuridhisha huku viungo vyake vikikosa damu kwa sababu mishipa imejibana, na mwingine akawa na shinikizo la chini huku ananyonya, anakojoa na ana miguu yenye joto. Altrasaundi ya moyo ndiyo inayoonyesha ukweli wote, lakini huhitaji mtambo wa bei kubwa na mkono wa bingwa, na mabingwa wa moyo wa watoto nchini ni wachache mno. Mantiki yenyewe inadai kwamba wachache hao wapelekewe watoto waliokwisha kuchujwa na kipimo rahisi.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni zito na halipaswi kupuuzwa: kuna faida gani ya kugundua ugonjwa ambao hauna tiba karibu? Dawa ya prostaglandini, ambayo huuweka mshipa wa mkato wazi hadi mtoto afike kwa mpasuaji, ni ghali, huhitaji jokofu na haipatikani katika hospitali nyingi za wilaya. Kumwambia mama wa kijijini kwamba mwanawe ana moyo mbovu, kisha kumwacha hapo, ni ukatili.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Tanzania ya leo siyo ile ya miaka ishirini iliyopita. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam huwafanyia watoto upasuaji wa moyo, jambo ambalo zamani lilimaanisha safari ya nje ya nchi kwa wenye bahati. Si kila kasoro hurekebishika hapa nchini, lakini zipo zinazorekebishika, na mtoto hawezi kufika kwenye kisu cha mpasuaji kama hakuna aliyemshuku. Tena, dawa isiyoulizwa haiagizwi. Maadamu watoto hawa wanafariki nyumbani bila kuhesabiwa, hakuna takwimu itakayomshawishi mpanga bajeti kuweka prostaglandini katika jokofu la hospitali ya mkoa.

Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, oksimita haigundui moyo peke yake. Katika utafiti ule wa Uingereza, watoto 169 walipata majibu ya kutia shaka ilhali hawakuwa na kasoro kubwa ya moyo. Kwa hesabu ya kawaida hao huitwa kengele za uongo. Lakini 40 kati yao walikuwa na magonjwa mengine yaliyohitaji tiba ya haraka. Kwa nchi tajiri hiyo ni ziada ya kupendeza. Kwa Tanzania huenda hiyo ndiyo faida kuu, kwa sababu nimonia na maambukizi ya damu ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wachanga, na tiba yake, yaani oksijeni na viuavijasumu, inaweza kutolewa katika hospitali ya wilaya. Kengele inayoitwa ya uongo huko London inaweza kuwa kengele ya kweli Kibondo.

Pingamizi la pili linahusu ngozi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 kwa wagonjwa watu wazima ulionyesha kwamba oksimita iliposoma kati ya asilimia 92 na 96, upungufu hatari wa oksijeni uliofichika ulikuwapo kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya weupe. Hili ni jambo la aibu kwa viwanda vilivyosanifu vifaa hivyo, na nchi za Afrika zina haki ya kudai vifaa vilivyojaribiwa kwa ngozi za watu watakaovitumia. Hata hivyo, kwa muuguzi wa leo somo lake ni kuwa mwangalifu zaidi na tarakimu zilizo mpakani. Asilimia 95 isiyo thabiti irudiwe. Tofauti kati ya mkono na mguu ipewe uzito, kwa kuwa pande zote mbili ngozi ni ya mtoto yuleyule. Kifaa chenye kasoro inayojulikana bado ni bora kuliko jicho ambalo kasoro yake ni kubwa zaidi.

Pingamizi la tatu ni la mwinuko. Njombe na Makete ziko juu sana kuliko Dar es Salaam, na hewa ya huko ina oksijeni pungufu. Mtoto mzima wa Makete anaweza kusoma chini kidogo ya mtoto mzima wa Temeke. Mpaka wa asilimia 95 ukitumiwa bila kufikiri, wodi za nyanda za juu zitapeleka rufaa watoto wasio na tatizo. Hili haliondoi hoja. Linawapa vyuo vikuu vya tiba kazi ya kufanya. Vipimo vya watoto wazima wa nyanda za juu vikusanywe, na mipaka ya huko iwekwe kwa ushahidi wa huko.

Pingamizi la nne ni la muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, lakini wodi zinapojaa na kitanda kimoja kikilaza wazazi wawili, wengi huruhusiwa mapema. Anayetoka mapema apimwe kabla ya kutoka, hata kama majibu ya kutia shaka yatakuwa mengi zaidi, na apimwe tena anaporudi kliniki katika wiki ya kwanza.

Tarakimu huhitaji mtu wa kuitendea kazi

Kuna hatari moja ambayo watetezi wa vipimo huisahau: kusoma dalili ni jambo moja, kutenda sawasawa ni jingine. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Hawakuwa watoto wachanga; mdogo kuliko wote alikuwa na siku 60. Kila mtu aliamini kwamba kuwapa maji mengi ya mshipani kwa haraka kungewaokoa. Kinyume chake, ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Dalili zilisomwa vizuri. Kitendo kilichozifuata ndicho kilichokuwa na makosa. Somo hilo linahusu kila kipimo cha mzunguko wa damu. Oksimita inayolia katika wodi isiyo na mwongozo wa hatua zinazofuata itazalisha hofu, au itazimwa.

Kwa hiyo ununuzi wa vifaa uende pamoja na mambo mengine ambayo hayana mng'aro. Kadi ya mtoto iwe na nafasi mbili tu za kuandikwa: asilimia ya mkono wa kulia na asilimia ya mguu. Kila wodi ya wazazi iwe na kihisio cha ukubwa wa mtoto mchanga, kwa maana kibanio cha kidole cha mtu mzima hakimfai na hutoa tarakimu za kubahatisha. Kihisio kisafishwe kati ya mtoto na mtoto. Mtaalamu wa vifaa tiba wa wilaya awe na vipuri, kwa kuwa waya wa kihisio hukatika mapema kuliko kifaa chenyewe, na makabati ya hospitali yamejaa vifaa vizima vilivyokufa kwa kukosa waya. Ukutani pawe na ukurasa mmoja unaoeleza la kufanya: mpe oksijeni mtoto mwenye upungufu, tafuta dalili za maambukizi na anza dawa, bonyeza kifua uhesabu sekunde, papasa kinena, piga simu hospitali ya rufaa. Na hospitali za kanda, kama Bugando, KCMC na Benjamin Mkapa, ziwe na namba inayopokewa usiku na mchana.

Atakayesema kwamba wakunga wamelemewa anasema kweli. Lakini muda unaotumika kumpima mtoto mmoja ni mdogo kuliko unaotumika kumhangaikia anayerudishwa siku ya tano akiwa amezimia, na aghalabu mahangaiko hayo hayazai matunda.

Mzazi naye ana nafasi yake. Hana budi kujua kwamba mtoto anayetokwa jasho na kuchoka anaponyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebadilika rangi ulimini, au ambaye nyayo zake ni baridi ilhali amefunikwa vizuri, anahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo. Na ana haki ya kumuuliza muuguzi kabla ya kufunga khanga na kuondoka: je, mwanangu amepimwa mkononi na mguuni?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Lengo lililokubaliwa na mataifa ni kushusha idadi hiyo hadi 12 au pungufu ifikapo mwaka 2030. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 81 ya watoto huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Maana yake ni kwamba watoto wanne kati ya watano tayari wamo mikononi mwa watumishi wa afya, katika jengo lenye paa, kwa saa zilezile ambazo kipimo hiki kinaweza kufanyika. Kazi ngumu ya kuwaleta akina mama kituoni imefanywa kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa. Kuwaruhusu watoto waondoke bila kuulizwa swali moja kuhusu damu yao, ilhali chombo cha kuuliza swali hilo kinatosha kwenye mfuko wa koti la muuguzi, ni upungufu ambao Wizara ya Afya, vyuo vya tiba na hospitali zinaweza kuuondoa bila kusubiri uvumbuzi wowote mpya.